Saratani ya ngozi ikirudi: mwongozo kamili kwa mwenye ualbino wa kukagua ngozi na kujikinga na jua

Kidonda kilikatwa, nyuzi zikatolewa, kovu likakauka. Miezi minane baadaye pembeni mwa kovu lile lile kinatokea kigamba kidogo, kinabanduka, kinarudi. Mwenyewe anasema ni ukavu tu, kwa kuwa losheni anapaka kila asubuhi.

Wengi wanakwama mahali pawili. Wanaitegemea losheni kuliko nguo, na wanaamini kovu likishafunga kazi imekwisha. Mwongozo huu umeandikwa kwa mwenye ualbino aliyewahi kutibiwa saratani ya ngozi, na kwa ndugu anayemsaidia.

Msomaji mwenye ngozi nyeusi ajue kwamba kwake habari ni tofauti. Saratani za ngozi za watu weusi hujificha zaidi kwenye nyayo, chini ya kucha, na juu ya makovu ya moto au vidonda vya miaka mingi, na losheni ya jua haizuii hizo. Akiwa na kidonda sugu mahali kama hapo, aende hospitali akapimwe.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kofia ya pama yenye ukingo wa sentimita 8 au zaidi kuzunguka kichwa chote. Kapelo haifai, maana inaacha masikio na shingo wazi.
- Mashati mawili au matatu ya mikono mirefu yenye kola, na suruali au sketi ndefu. Mitumba inafaa kabisa.
- Losheni ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi (SPF ni namba ya nguvu ya losheni kuzuia jua), yenye alama ya UVA, aina ya mionzi ya jua inayopenya ndani ya ngozi, kwenye chupa.
- Kijiko cha chai.
- Kinga ya midomo yenye SPF.
- Miwani ya jua iliyoandikwa UV400.
- Kioo kikubwa na kioo kidogo cha mkononi.
- Rula au futi ya fundi cherehani, daftari, na simu yenye kamera.
- Mtu mmoja mwenye macho mazuri na asiyeona kinyaa. Huyu ni wa lazima. Ualbino huja na uoni hafifu, na hakuna anayeweza kujikagua mwenyewe nyuma ya masikio.

## Hatua ya 1: Jua kilichokatwa, na kama kilikwisha

Kabla ya kuwaza jua, tafuta karatasi ya majibu ya kinyama kilichopelekwa maabara. Mara nyingi majibu yanatoka baada ya mgonjwa kurudi nyumbani, na hakuna anayeyafuata. Rudi uyaombe, upige picha nakala na uihifadhi kwenye simu mbili.

Muulize daktari maswali manne, na uandike majibu:

1. Ni saratani ya aina gani? Kwa wenye ualbino wa Afrika Mashariki inayoonekana zaidi ni ile ya seli bapa, ambayo inaweza kusafiri hadi kwenye tezi. Ya seli za msingi hukua polepole na ni nadra kusafiri, lakini inakula nyama ya mahali ilipo.
2. Kingo za kinyama zilikuwa safi? Maana yake ni kwamba pembeni na chini ya kilichokatwa hapakuwa na seli za saratani. Kama hazikuwa safi, huenda mizizi imebaki, na swali la kuuliza papo hapo ni lini utakatwa tena au kupelekwa kwenye tiba ya mionzi.
3. Ilikuwa na kina gani, na iligusa mishipa ya fahamu?
4. Mahali ilipokuwa pana hatari? Sikio na mdomo wa chini ni sehemu mbaya zaidi kwa ugonjwa kurudi.

Saratani "iliyorudi" huwa moja kati ya mbili. Ya kwanza ni ile ile, iliyoota tena kutoka kwenye mabaki, ndani au kando ya kovu. Ya pili ni mpya kabisa, mahali pengine, kwa sababu ngozi yote iliyopigwa na jua tangu utotoni ni shamba moja lenye mbegu nyingi. Daktari kung'oa mche mmoja hakuondoi mbegu nyingine. Ndiyo maana kukagua kovu peke yake hakutoshi.

Utajua umefanikiwa ukiweza kumweleza daktari mgeni, kwa dakika moja, ulikatwa nini, wapi, lini, na kingo zilikuwaje.

## Hatua ya 2: Vaa kwanza, paka baadaye

Hapa hesabu inasema kuliko maneno. Uso, masikio na shingo vinahitaji kijiko kimoja cha chai cha losheni, yaani mililita 5. Migongo ya mikono nusu kijiko, na migongo ya miguu ukivaa kandambili nusu kijiko. Jumla vijiko viwili, mililita 10. Ukipaka mara mbili kwa siku, chupa ya mililita 100 inakaa siku tano.

Sasa vua shati la mikono mirefu na uvae kaptura. Kila mkono unaongeza kijiko kimoja, na kila mguu kijiko kimoja. Umefika mililita 30 kwa mpako mmoja, na chupa ile ile haimalizi siku ya pili. Anayesema chupa yake inakaa mwezi mzima hajapaka losheni, ameinusa.

Jinsi ya kuchagua nguo. Liinue shati juu kuelekea dirishani. Ukiona umbo la vidole vyako kupitia kitambaa, jua nalo linapita. Dengrizi, khaki na kitenge kizito vinafaulu. Fulana nyeupe nyepesi inafeli, na ikilowa jasho inafeli zaidi. Kanga moja ni nyepesi mno kwa saa sita mchana, hivyo ikunje iwe mbili. Rangi iliyokoza huzuia mionzi kuliko nyeupe, ingawa ina joto. Chagua nguo pana ili hewa ipite, kwani iliyobana hutanuka na kufungua vitundu.

Jinsi ya kujaribu kofia. Simama juani saa nne asubuhi, mtu akutazame. Kivuli cha kofia kinatakiwa kifunike pua, masikio yote mawili na kisogo. Kama sikio moja linang'aa, peleka kofia kwa fundi aongeze ukingo, au shona kitambaa kinachoning'inia nyuma.

Mwavuli ni msaidizi tu. Unazuia jua la juu, lakini mchanga, maji, bati na saruji nyeupe vinarudisha mionzi kutoka chini, na ndiyo maana mvuvi wa Ziwa Victoria anaungua chini ya kidevu.

Vivuli navyo havilingani. Chini ya mnazi au mpapai mionzi inapenya kama kwenye chekeche. Mwembe uliofunga ndio kivuli. Kanuni ni hii: ukiwa umekaa, tazama juu na pembeni. Kadiri unavyoona anga kubwa, ndivyo mionzi iliyotawanyika inavyokufikia hata kama jua lenyewe hulioni.

## Hatua ya 3: Paka losheni kwa kijiko

1. Nawa uso na ukauke. Losheni haishiki juu ya jasho.
2. Pima kijiko kimoja kwa uso, masikio na shingo. Weka vidoa kwenye paji, mashavu yote mawili, pua, kidevu, kila sikio, kisogo na mbele ya shingo, ndipo usambaze.
3. Usisugue mpaka ipotee. Acha utando uonekane, ukae wenyewe.
4. Pitia sehemu zinazosahaulika: juu na nyuma ya masikio, pembe za pua, kope za chini, mstari wa nywele, na utosi kama umenyoa.
5. Midomo ipakwe kinga yake, hasa wa chini, na irudiwe kila baada ya kula au kunywa.
6. Subiri dakika 20 kabla ya kutoka.
7. Rudia kila baada ya saa 2 ukiwa nje, na mara moja baada ya kunawa, kutoka jasho jingi au kujifuta kwa taulo.

Kwa nini kupima? Namba ya SPF hupatikana maabara kwa mpako mzito. Ukipaka nusu ya kiasi, losheni ya 30 inakupa 15 au chini ya hapo.

Mambo yanayoharibu kazi. Kuchanganya losheni na mafuta ya nazi, vaselini au losheni ya kawaida "ili ienee" kunaipunguza nguvu, na vaselini peke yake haizuii mionzi. Kama ngozi ni kavu, paka mafuta usiku. Kuweka chupa kwenye dashibodi ya gari, karibu na jiko au darini chini ya bati kunaiua. Iweke mahali pa baridi, kwa mfano kando ya mtungi wa maji. Ikijitenga, maji huku na mafuta kule, itupe hata kama tarehe haijafika. Mkorogo na krimu za kung'arisha usiziguse kabisa, maana zinaidhoofisha ngozi ambayo tayari haina kinga.

Pa kupata. Tanzania kuna Kilisun, inayotengenezwa Moshi mahususi kwa wenye ualbino. Ulizia kliniki ya ngozi ya mkoa au ofisi ya Chama cha Watu wenye Ualbino Tanzania. Kenya, Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu hugawa losheni kupitia hospitali za umma, ila sharti uwe umesajiliwa. Ikiisha kabla ya mgao, usikae ndani ukingoje. Rudi kwenye Hatua ya 2 na ufunike kila kinachofunikika.

## Hatua ya 4: Panga siku kwa kivuli chako

Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko kimo chako, jua ni kali. Kwa wengi wetu ni kama saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Mwenye historia ya saratani ajiongezee nusu saa kila upande.

Saa ya ukutani inadanganya kidogo. Dar es Salaam na Mombasa jua linafika utosini kama saa 6 na dakika 20 hivi. Mwanza ni karibu saa 7 kasoro, na Kigoma kama saa 7 kamili. Kwa hiyo mkazi wa Kigoma anayetoka saa 9 alasiri akidhani jua limelegea bado yuko katikati ya mchana wake.

Mawingu mepesi hayasaidii. Baridi ya Mbeya, Njombe au Nairobi pia inahadaa: mwinuko ukiongezeka mita 1,000, mionzi huongezeka kwa kama asilimia 10, na kwa kuwa huhisi joto hutafuti kivuli.

Kwenye basi, kioo cha pembeni hupitisha mionzi ya UVA. Ukielekea kaskazini asubuhi jua liko kulia, kaa kushoto. Mchana ukigeuka nawe geuza kiti. Ukielekea kusini ni kinyume chake. Kwenye bodaboda vaa glavu na ufunge skafu shingoni, kwani migongo ya mikono ndiyo inayoumia kimya kimya.

Kwa mtoto, mwandikie mwalimu mkuu barua fupi yenye maombi manne: kofia ndani ya sare, mikono mirefu, kiti mbali na dirisha lenye jua lakini karibu na ubao, na kutosimamishwa paredi juani.

## Hatua ya 5: Kagua mwili mzima kila mwezi

Chagua tarehe isiyosahaulika, kwa mfano tarehe 1. Kaeni kwenye kibaraza chenye mwanga wa mchana bila jua la moja kwa moja. Zoezi linachukua dakika 15.

Kovu kwanza. Msaidizi apitishe ncha ya kidole juu ya kovu lote, kisha sentimita 2 kulizunguka. Anatafuta kinundu kigumu, mahali panapokwaruza kama msasa, kigamba, unyevu au damu. Wewe mwambie kama pana ganzi, mwasho usioisha au maumivu ya kuchoma. Ganzi mpya usoni si jambo dogo, maana saratani inaweza kufuata mshipa wa fahamu.

Je, kovu lililovimba ni keloidi au saratani? Keloidi ni laini juu, inang'aa, haitoi damu wala gamba. Saratani hupasuka, hutoka damu kirahisi, hujenga gamba na kurudi. Usijipe hukumu mwenyewe, ila tofauti hiyo ikusaidie kujua uende leo au usubiri siku ya kliniki.

Kisha ngozi nyingine. Anzeni utosini mkishuka: kichwa, paji, kope, pua, masikio mbele na nyuma, midomo, shingo, mabega, mgongo, mikono, miguu. Vigamba vikavu vinavyokwaruza, ambavyo mkono unavigundua kabla ya jicho, ndivyo dalili ya mapema kabisa na ndivyo rahisi kutibika.

Mwisho tezi. Kwa vidole vitatu bapa, zungusheni taratibu mbele ya sikio, nyuma ya sikio, chini ya taya, pande zote za shingo hadi mfupa wa bega, kisha kwapani. Kama saratani ilikuwa mguuni, gusa kinena. Tezi ngumu isiyouma, kubwa kuliko punje ya harage, iliyokaa zaidi ya wiki 2, inahitaji daktari.

Andika. Chora mtu daftarini, mbele na nyuma. Kila alama ipe namba, tarehe na ukubwa kwa milimita. Piga picha kwa umbali ule ule, kama sentimita 20, rula ikiwa pembeni, bila mwanga wa simu. Ingizo zuri linasomeka hivi: "Na. 3, sikio la kulia juu, gamba, mm 4, halitoi damu." Mwezi unaofuata likiwa mm 7, huna haja ya kubishana na mtu.

## Hatua ya 6: Ukiona kitu, hesabu siku

Nenda ndani ya wiki moja kwa: kinundu au kidonda kipya ndani ya kovu la zamani, kitu kinachokua wiki hadi wiki, ganzi mpya usoni, au tezi ya namna iliyotajwa juu. Kidonda chochote kingine kisichopona kwa wiki 4 kinahitaji kupimwa, hata kama hakiumi. Kutokuuma si dalili njema.

Usikichome kwa dawa ya kienyeji, asidi ya betri wala kisu cha moto. Juu panafunga, chini panaendelea, na daktari anakuta mahali pa kukata pameshaongezeka mara mbili.

Kituo cha afya kikikupa krimu ya fangasi au antibayotiki, uliza: "Isipopona baada ya wiki 2, nipewe rufaa kwenda wapi?" Kwa ngozi, rufaa hufika hospitali za KCMC Moshi, Bugando Mwanza au Muhimbili Dar es Salaam. Hospitali ya Ocean Road iliyopo Dar es Salaam inashughulikia tiba ya mionzi na dawa za saratani. Kenya kuna Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Uganda kuna Taasisi ya Saratani pale Mulago. Nauli au gharama zikikushinda, mtafute afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kurudi nyumbani. Msamaha unaombwa pale pale, wala haumfuati mtu kijijini.

## Hatua ya 7: Maliza matibabu ya vigamba

Vigamba vya mapema hugandishwa kwa naitrojeni ya maji. Lengelenge likitokea siku ya pili, ni kawaida, usilipasue. Usoni hupona kwa wiki 1 hadi 3.

Njia nyingine ni krimu ya 5-FU (fluorouracil), kwa kawaida mara mbili kwa siku kwa wiki 2 hadi 4. Hapa wengi wanakatisha. Wiki ya pili ngozi inakuwa nyekundu, inachubuka na kuuma, mgonjwa anadhani dawa imemdhuru. Hivyo ndivyo inavyofanya kazi: inazila seli mbovu hata zile zisizoonekana. Paka kwa glavu, nawa mikono, usikaribie jicho, na ujifunike maradufu kwa siku hizo. Mjamzito na anayenyonyesha wasiitumie. Maumivu yakizidi au usaha ukitoka, rudi kliniki upewe mapumziko. Usiamue peke yako.

Sehemu iliyopandikizwa ngozi au kutibiwa kwa mionzi haiwi tena kama zamani. Mara nyingi haina hisia kamili, kwa hiyo inaungua bila kukuambia. Ifunike kwa kitambaa daima.

## Hatua ya 8: Kliniki, hata ukiwa mzima

Saratani ya seli bapa ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka 2 ya kwanza. Ratiba ya kawaida ni kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka hiyo 2, kisha kila miezi 6 hadi 12 hadi mwaka wa 5, na baada ya hapo kila mwaka. Mwenye ualbino anayetoa vigamba vipya kila mara hubaki kwenye miezi 3.

Siku ya kliniki beba daftari, picha, majibu ya maabara na dawa zote unazomeza. Taja hasa doksisaiklini, septrini na dawa ya presha yenye haidroklorothiazaidi, kwani zinaifanya ngozi iungue upesi. Usiache yoyote kwa uamuzi wako. Daktari ndiye anayebadilisha. Kama unaishi na VVU, sema, maana kinga ikishuka saratani ya ngozi hukimbia zaidi.

Usipake losheni wala poda asubuhi hiyo. Funika kwa nguo na mwavuli njiani, ili daktari aione ngozi na si utando. Vua kofia, legeza kola, mwoneshe nyuma ya masikio hata asipoomba, na usiondoke bila tarehe inayofuata kuandikwa daftarini.